Vidole Viwili vya Mkono wa Kulia

Kinole
12 Februari 2024

Fundi Hafidha,

Habari za hapo Mji Mpya. Mimi ni Severini, afisa ugani wa huku Kinole, yule aliyekuletea baiskeli ya kijani mwezi wa kwanza. Stephano wa pikapu ya ndizi ameniambia kwamba kwako mteja haelezi shida yake kwa simu. Lazima aandike, nawe uitundike karatasi kwenye msumari juu ya benchi lako. Kwangu ni sawa. Nyumbani mtandao haupo mpaka nipande hadi kanisani, na tangu mke wangu Christina afariki mwaka juzi sina haja kubwa ya kupigiwa simu.

Baiskeli ni ile haibridi ya mtumba, nusu ya lami na nusu ya mlima. Uliigeuza vizuri. Gia ndogo ya mbele uliyoniwekea inanipandisha kwa wakulima wa juu bila kushuka, na keria inabeba trei mbili za miche ya mdalasini. Tatizo ni moja. Nikiendesha nusu saa, vidole viwili vya mkono wa kulia, cha mwisho na jirani yake, vinakufa ganzi. Nikishuka, ganzi haitoki. Nadhani usukani uko mbali, au uko chini. Wewe ndiye unayejua.

Stephano anashuka sokoni Jumatatu na Alhamisi. Ukimpa jibu atanifikishia.

Severini Banzi


Mji Mpya, Morogoro
15 Februari 2024

Shikamoo Bwana Shamba,

Karatasi yako iko msumarini. Sheria hiyo si yangu, ni ya marehemu baba, Fundi Athumani, aliyeniachia banda hili na spana zake zote isipokuwa moja iliyoibwa siku ya msiba. Alikuwa anasema mteja akiongea anakupa hasira zake, akiandika anakupa baiskeli.

Ganzi ya vidole viwili vya mwisho naijua, wanaoendesha mbali wote huilalamikia. Mshipa wake unapita kiganjani upande wa nje, pale pale unapolaza mkono kwenye gripu. Kiti kikiinama mbele kidogo tu, mwili wote unateleza kuja mikononi, mshipa unabanwa. Kwa hiyo kabla hujanilaumu, fanya hivi. Egemeza baiskeli ukutani mahali palipo tambarare, kama huko kwenu papo. Panda, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini: goti linyooke bila kiuno kwenda upande. Kisha laza daftari refu juu ya kiti utazame. Likiinamia mbele, legeza nati ya chini ya kiti, inua pua yake kidogo, kaza. Halafu legeza boliti ya juu ya shingo ya usukani, igonge na ubao ishtuke, vuta juu sentimita tatu. Usipite mstari uliochorwa kwenye chuma, usukani utakubakia mkononi.

Na cheni! Stephano anasema umeipaka mafuta ya kula. Bwana Shamba, ningekuta umemwagilia miche yako soda ningenyamaza? Ifute na kitambaa chenye mafuta ya taa, ikauke, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila pingili. Nimempa Stephano kichupa.

Hafidha Athumani


Kinole
11 Machi 2024

Fundi Hafidha,

Marahaba. Nimefanya yote kama ulivyoandika. Kiti kilikuwa kimeinama kweli. Usukani umepanda. Cheni sasa haipigi kelele, mpaka mbwa wa njiani wananishtukia nimeshawafikia.

Ganzi ipo. Zamani ilikuwa inakuja nikiendesha, sasa naamka nayo. Kidole cha mwisho kimeanza kukaa kimejikunja chenyewe, nikikinyoosha kinarudi. Haiumi, kwa hiyo usihangaike sana. Nakuarifu tu kwa ajili ya matengenezo.

Leo nimefundisha kikundi cha akina mama kubebesha miparachichi, kuunga kijiti cha mti mzuri kwenye mche. Miche thelathini na miwili, naamini ishirini na tano itashika. Ninaiandika barua hii baada ya somo. Samahani kwa mwandiko, kalamu inateleza.

Severini Banzi


Mji Mpya
14 Machi 2024

Shikamoo Bwana Shamba,

Ramadhani imetuingia, kwa hiyo ukiona nimekuwa mkali ujue ni kiu tu. Nakutumia gripu mpya zenye ubapa kwa nyuma ili kiganja kilale, zisikuchimbe. Ili za zamani zitoke, ingiza spoku ya gurudumu chini yake umimine maji ya sabuni. Usizikate kwa kisu.

Nina swali moja. Kwenye kona ya karatasi yako kuna doa la kahawia, na lingine nyuma yake lenye alama ya kidole. Si grisi, grisi naijua hata kwa harufu. Ni nini?

Na ingefaa uje mwenyewe na baiskeli Jumamosi moja nikuone umekaa. Vipimo vya barua vina mwisho wake.

Hafidha


Kinole
21 Machi 2024

Fundi Hafidha,

Doa ni damu. Nilijikata na kisu cha kubebeshea siku ile ya somo. Mimi sikujua, aliyeniambia ni mama mmoja wa kikundi, Regina, alipoona mche umelowa. Kisu kilikuwa kimenolewa sana, nadhani ndiyo sababu sikusikia. Nilifunga kitambaa tukaendelea. Nikakaa kukuandikia, kumbe kitambaa kimelegea.

Nitakuja baada ya Pasaka, Jumamosi tarehe sita.

Severini Banzi


Mji Mpya
11 Aprili 2024

Shikamoo Bwana Shamba,

Idi imepita salama, nyama tumekula. Ahsante kwa machungwa, mama amefurahi na anakusalimu.

Naandika ulichonilipia Jumamosi ile ili nawe uwe na kumbukumbu. Nimekata usukani sentimita mbili kila upande, kwa sababu ulikuwa mpana kuliko mabega yako. Nimeweka shingo fupi. Breki nimezisogeza karibu na gripu. Gololi za gurudumu la mbele nimezitoa zote, mbili zilikuwa zimeliwa, nimepanga mpya na grisi. Rimu ya nyuma ilikuwa inacheza, nimeinyoosha.

Nimekuangalia ulivyokaa. Naona ni usukani tu. Uvumilie mwezi mmoja mwili uzoee.

Nataka kukushonea glavu zenye sponji, kwa hiyo nijibu haya: mkono wako wa kulia una mahali ngozi imebadilika rangi, au imekauka kuliko pengine? Nauliza ili nijue kitambaa gani hakitakusumbua.

Hafidha


Kinole
25 Aprili 2024

Fundi Hafidha,

Mvua ya mwaka huu haitaki kuacha watu. Barabara imekatika mahali pawili, Stephano alikaa siku tisa bila kushuka, ndizi zikaiva juu ya gari.

Ngozi: ndiyo, kuna duara limepauka nyuma ya mkono wa kulia, karibu na kiwiko, kubwa kama mdomo wa glasi. Aliyeliona kwanza ni Christina, akasema ni fangasi. Duka la dawa walinipa ya kupaka, nikapaka mpaka ikaisha, duara halikwenda popote. Haliwashi. Kwa hiyo kitambaa chochote kitafaa.

Usukani ni mzuri, mikono haichoki tena. Ganzi ni ile ile. Juzi niliepua sufuria ya maharage bila kitambaa, nikatembea nayo mpaka mezani. Nilipoiweka ndipo nikaona malengelenge. Nilikula kwanza halafu nikayashughulikia. Mwaka huu wote mambo mengi siyasikii, Fundi, hata yasiyohusu mkono. Watu wakinisimulia msiba naitikia, wakinisimulia harusi naitikia. Nilifikiri ndivyo mtu anavyozoea kuishi peke yake.

Nilipokuwa kwako niliitazama ile picha ya baba yako ukutani. Nimekumbuka watu walivyokuwa wakimwita Fundi Mnyororo kwa sababu cheni ilimkata vidole. Alifanya kazi miaka mingapi na ile mikono? Nauliza kwa sababu najitayarisha kuishi na hii yangu.

Severini Banzi


Mji Mpya
29 Aprili 2024

Shikamoo,

Glavu hizi hapa. Nimeshona mara mbili upande wa nje.

Baba alifanya kazi miaka kumi na tisa.

Ukipata nafasi siku moja upite hospitali wakuangalie huo mkono, si lazima iwe sasa hivi barabara zikiwa mbovu. Kwenye mteremko shuka ukokote. Sufuria ushike na kitambaa hata kama husikii moto.

Hafidha


Kinole
17 Juni 2024

Fundi Hafidha,

Idi njema kwako na kwa mama.

Baiskeli inakuja na barua hii juu ya pikapu. Nilianguka Alhamisi nikishuka kwenda Mkuyuni. Kwenye kona kulikuwa na mbuzi, nikabana breki ya kulia, na mimi nilijua nimebana. Nilipotazama mkono, vidole vilikuwa vimelala juu ya breki havikufanya kitu. Nikaingia kwenye mtaro wa mawe. Mbuzi hana shida. Mimi sijambo, wamenishona nyuzi sita kidevuni, na goti limevimba. Uma wa mbele umepinda, utaona mwenyewe.

Naomba uunyooshe uma ikiwezekana, na breki zote mbili uzihamishie mkono wa kushoto. Nimesikia inawezekana waya mbili zikaingia kwenye mkono mmoja. Kulia niachie gia tu, hizo nazisukuma kwa kiganja.

Vifungo vya shati vimenishinda tangu mwezi wa tano, navaa fulana. Kubebesha nimemwachia Regina, anashika kisu vizuri kunizidi. Barua hii nimeianza jana mchana.

Fundi, sikuogopa nilipokuwa naanguka. Niliona mawe yanakuja nikasema haya, basi. Hilo ndilo limenifanya nikae nifikiri. Mtu mzima anatakiwa aogope.

Severini


Mji Mpya
20 Juni 2024

Shikamoo Baba Severini,

Karatasi yako hii sikuitundika. Nimezitoa zote msumarini, nimezipanga kwa tarehe juu ya benchi, ya Februari mpaka hii. Mtu asiyejua kusoma angeona tu jinsi herufi zako zinavyolala chini mwezi hadi mwezi. Mimi najua kusoma.

Nisamehe kwanza kisha usome, au usome kisha uamue.

Baba hakukatwa na cheni. Hakuna cheni ya baiskeli inayokata vidole vitano kwa miaka sita. Baba alikuwa na ukoma. Ulimwanzia kama wewe, kidole cha mwisho na jirani yake, na duara begani ambalo mama alilipaka kila kitu. Alishika rimu zenye moto wa kuchomelea, alijichoma na spoku, vidonda vikaoza bila yeye kuvisikia. Alipokwenda hospitali walimpa dawa bure, mwaka mmoja, akapona kabisa. Hakumwambukiza mtu, ukoma uliisha. Lakini vidole vilikuwa vimeshakwisha na dada yangu alikuwa anaposwa. Mama akatupeleka uani, akatuapisha kwa Msahafu, akatuambia ni cheni. Mtaa mzima ukaamini. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Gololi ndogo ambazo baba hakuweza kuzishika nikawa nazipanga mimi, ndivyo nilivyojifunza kazi. Alikufa kwa presha, watu wakimwita Mnyororo, naye akiwaitikia.

Niliona damu kwenye karatasi ya Machi nikajua. Nilijiambia huenda sivyo, na kweli ganzi ya wapanda baiskeli inafanana mno na hii, kidole kwa kidole. Ndiyo maana nilikuita uje. Jumamosi ile, ulipokuwa juu ya baiskeli unatazama picha ya baba, nilichukua ncha ya spoku nikaichomeka kwenye kidole chako cha mwisho. Nilichoma mpaka ikatoka damu kidogo, nikaifuta na kitambaa cha grisi. Hukushtuka. Ukaniuliza ile picha ilipigwa wapi.

Nikakata usukani. Nikakuandikia ni usukani tu. Nilijua si usukani. Ningetaja lile neno ungeniuliza nimelijuaje, na mimi sijawahi kulitamka hata nikiwa peke yangu. Nina miaka thelathini na nne, mama yuko ndani anasikia kila kitu kinachosemwa hapa bandani. Nikakushonea glavu. Kila nilipofunga waya au kukaza nati kwenye baiskeli yako nilikuwa najidanganya kwamba nakutibu. Nimeona aibu sana, na sina mtu wa kumsingizia.

Baiskeli yako ninayo. Uma nimeunyoosha. Breki zote mbili ziko kushoto kama ulivyotaka, ya mbele na ya nyuma kwenye mkono mmoja, nimeijaribu mwenyewe hadi Bigwa na kurudi. Lakini sikupi. Hata ukija na askari sikupi. Nenda hospitali, uwaambie una ganzi na duara lisilowasha, wapime huo mshipa wa kiwiko. Kuna vidonge vya kuua ugonjwa na kuna vingine vya kuokoa mshipa, na hivyo vya mshipa vina muda wake. Mimi nimeshakula siku zako nyingi.

Niletee karatasi yao, uchukue baiskeli.

Hafidha Athumani


Mji Mpya
15 Julai 2024

Shikamoo Baba Severini,

Stephano ameapa kwamba barua alikupa mkononi, ukaisoma umesimama, ukaikunja ukaenda zako. Tangu hapo pikapu inashuka mara mbili kwa wiki na mimi natoka nje kila mara.

Nitukane basi. Andika ukurasa mmoja wa matusi nitautundika.

Hafidha


Kinole
1 Agosti 2024

Fundi Hafidha,

Naandika kwa mkono wa kushoto. Imenichukua siku tatu, kwa hiyo sitakuwa na mapambo.

Barua yako niliisoma. Wiki ya kwanza nilikuwa nimekasirika mpaka nikashindwa kulala. Nilikuwa nazungukazunguka shambani nikikujibu kwa sauti, Regina akadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Kutoka siku uliyonichoma na spoku mpaka siku uliyoniambia ni siku sabini na tano. Nimezihesabu kwenye kalenda ya parokia. Uliniona, ukanikatia usukani. Tangu nimzike Christina sijamkasirikia mtu, hata waliokata miti yangu ya mipaka niliwaitikia tu salamu. Wewe nilikukasirikia kwa nguvu zangu zote. Bado nimekasirika kidogo, ujue hivyo.

Nilikwenda hospitali tarehe nane ya mwezi wa saba. Daktari alishika kiwiko changu, akauzungusha mshipa chini ya ngozi kwa kidole chake, akasema umenenepa. Akanifumba macho akanigusa kwa kalamu, nikawa namwambia hapa, hapa, na mahali pengine nikanyamaza naye akiwa ananigusa. Ni ukoma. Alilitaja kama mtu anavyotaja malaria, akaandika, akaita mtu mwingine. Dawa ni mwaka mmoja. Siku ya kwanza mkojo ulitoka mwekundu, walikuwa wameshanionya. Vile vya mshipa navyo nimepewa, napunguza kidogo kidogo kama walivyoelekeza.

Nilimuuliza kuhusu vidole. Alisema kidole cha tatu na sehemu kubwa ya kiganja vimewahi dawa. Hicho cha mwisho na jirani yake hakuniahidi. Alisema mshipa ukilala zaidi ya nusu mwaka huwa hauamki, na mimi niko pale pale mpakani, labda ndani, labda nje. Nikamuuliza ningekuja mwezi wa nne ingekuwaje. Akasema ingekuwa rahisi zaidi. Sikumtaja mtu.

Sasa kuna jambo lingine, nalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Nesi alileta fomu. Alisema wanaandika majina ya watu ninaoishi nao na ninaokaa nao karibu, ili nao wapimwe, wapewe kidonge cha kinga. Akaniuliza nalala nyumba moja na nani. Nikasema siishi na mtu. Nakula na nani? Peke yangu. Nani anakaa karibu nami kwa saa nyingi kila wiki? Nikafikiri. Mikutano yangu ni ya chini ya miti, watu thelathini, kila siku kijiji kingine. Nesi hakuwa na haraka. Alikaa na kalamu yake hewani, na ile mistari kumi ya fomu ilikuwa mitupu yote, nami nikaitazama. Hapo ndipo nilipolia, Fundi. Nililia pale mbele ya nesi kwa sauti, mtu mzima na kidevu chenye mshono, na sikuweza kuacha. Alinifungia mlango akaniacha niendelee.

Nilipomaliza nikamwambia aandike jina lako. Akasema mtu niliyeonana naye mara mbili hahesabiki. Nikamwambia yupo mtu aliyeishi tangu utoto na mgonjwa, amepanga gololi pamoja naye, amekula naye sahani moja, na hajawahi kupimwa maishani mwake kwa sababu ya kuogopa neno. Akasema huyo anahesabika. Akaandika. Chini yake nikamwambia aandike Mama Hafidha, maana jina lake lingine silijui.

Sikukuomba ruhusa, kama wewe ulivyonichoma bila kuniomba. Walitaka kukufuata hapo Mji Mpya, nikawakatalia. Niliwaambia nitakuandikia mimi, uje kwa miguu yako, hapo bandani asionekane mtu wa hospitali.

Karatasi yao nimeiambatanisha. Baiskeli ikae kwako kwanza, mpaka mwaka wa dawa uishe nitapanda gari.

Kliniki ni Jumanne ijayo, tarehe sita, saa mbili asubuhi. Mimi nachukua vidonge vya mwezi siku hiyo hiyo. Ukiingia geti, mlango wa tatu kushoto, kuna benchi refu nje. Nitakuwa nimekaa mwanzoni mwa foleni nimewashikia nafasi mbili. Mwambie mama asiogope, na wewe pia.

Severini Banzi